Neno la Mstari wa Sita

"Nuzhat apa, watu wakikuuliza una watoto wangapi, huwa unawajibu nini?"

Kaneez aliniuliza hivyo asubuhi moja ya baridi. Yeye ni jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja, na kwa kuwa ni mdogo kwangu ananiita apa, yaani dada. Tulikuwa tumekaa sakafuni kwake tunaunga bangili, kila mtu na ulimi wake wa moto. Bangili za kioo zinatujia kutoka tanurini midomo ikiwa wazi. Kazi yetu ni kuupitisha mdomo kwenye moto, kuzibana ncha mpaka zishikane, na kuitupa kwenye rundo kabla haijakuunguza. Nimefunga midomo ya bangili za maharusi ambao sitawajua kamwe, na mikono yangu mwenyewe ni mitupu. Zangu zilivunjwa, kama ilivyo desturi kwa mjane, siku aliyozikwa mume wangu Jamil.

"Mmoja," nikamjibu.

"Na wakikuuliza yuko wapi?"

"Nawaambia yuko kwa Mwenyezi Mungu."

Kaneez akapuliza kidole chake kilichoungua. "Ungejizoeza kusema 'sina', apa. Ni neno fupi tu. Wageni watakuja Alhamisi, na wewe ukisema hivyo mtu anakwama na sambusa mdomoni."

Hakuwa na nia mbaya. Kaneez ni mtu wa kunifulia nguo nikiugua. Lakini bangili niliyokuwa nayo mkononi ikapinda motoni, nikaitupa.

Wageni aliowasema walikuwa wanakuja kwa ajili yangu.

Nyumba ya kaka yangu Rizwan inatazamana na chumba cha ghorofani ambako Naushad anafundisha watoto Kiingereza. Kichochoro katikati ni chembamba, mtu akinyoosha mkono hapa na mwingine kule watashikana. Alipokodi chumba kile, mwaka na nusu uliopita, nilidhani sitakuwa tena na raha ya kukaa juu ya paa letu. Wanaume wengine hufungua dirisha kwa kishindo na kuganda hapo. Yeye hukohoa kwanza. Anakohoa mara mbili, anangoja, ndipo anafungua, ili mwanamke aliyeko upande wa pili apate kuvuta mtandio wake kichwani. Siku ya kwanza nilidhani ana kifua. Siku ya kumi nilielewa. Na sijui ilikuwa siku ya ngapi nilipojikuta nakaa paani nikikisubiri kile kikohozi, mtandio wangu ukiwa kichwani tayari.

Siku moja upepo ulilirusha daftari la mwanafunzi mpaka kwetu. Nilimrudishia Naushad. Akasema asante, akauliza kama kelele za watoto zinanisumbua. Nikamwambia hazinisumbui, zinanisaidia. Akanitazama, akataka kuuliza zinanisaidia nini, akanyamaza. Mara nane tu tulizungumza kwa mwaka na nusu huo, na zote nane ninazikumbuka neno kwa neno. Mara ya nane alisema, "Nikimtuma mama yangu kwenu, atafukuzwa?"

Nikamwambia, "Kwetu hatufukuzi mgeni."

Nilishuka ngazi nikaswali rakaa mbili, nikamwomba Mungu asinipe kitu ambacho sitaweza kukibeba.

Kaka Rizwan alifurahi mpaka akaimba bafuni. Mwalimu mjane wa kiume, mkewe alifariki miaka saba nyuma bila kumwachia mtoto, hana deni wala mdomo mchafu, na anamtaka dada yake mwenye miaka thelathini na nne. Wifi yangu Tabassum akaenda dukani kwa mchapaji kutengenezesha karatasi yangu ya posa: jina, umri, urefu, rangi, ukoo. Ilichapwa kwa Kiingereza, kwa sababu karatasi ya posa ya Kiurdu siku hizi inaonekana ya watu maskini. Katika nyumba yetu hakuna anayesoma Kiingereza. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tano na herufi zake nazijua moja moja tu. Nilipoletewa nikaona jina langu juu, nikarudisha. Yaliyobaki niliamini yameandikwa kama yalivyo.

*

Alhamisi baada ya swala ya alasiri wakaja. Naushad alivaa koti la sufu la kahawia ambalo nililijua kutoka dirishani, lakini sikuwahi kujua kwamba kiwiko chake kimeshonewa kiraka. Mama yake, tunayemwita kwa heshima Khala Sughra, yaani mama mdogo, ni mwanamke mfupi mwenye macho makavu. Alikaa kwenye kitanda cha kamba kama anayekaa barazani kwake, akaweka mapajani kifurushi cha karatasi nyekundu. Kila mtu hapa Firozabad, mji wetu wa bangili, anajua umbo la kifurushi kile. Bangili dazeni mbili, na mwenye kumvisha mchumba ni mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe.

"Hizi nitamvisha leo hii hii nikiridhika," alisema. "Nisiporidhika nitarudi nazo. Sina haraka, kioo hakiozi."

"Khala, utaridhika tu," Tabassum akacheka, akamsogezea haluwa ya karoti. "Haluwa hii kapika yeye."

"Haluwa kila mtu anapika. Lete mikono yako, binti." Nikampa. Akageuza viganja, akaona vidole vyangu vilivyoungua. "Mikono ya kazi. Vizuri. Marehemu mkwe wangu alikuwa na mikono kama siagi, Mungu amrehemu, na chapati zake zilikuwa kama ramani ya Hindustani."

"Ammi," Naushad akamwita mama yake taratibu.

"Nimesema uongo? Si wewe ulikuwa unakula pembe za kaskazini unaacha kusini?"

Wote wakacheka, na yeye akacheka akiangalia kikombe chake, na nikaona jinsi uso wake unavyokuwa akicheka karibu. Dirishani ulikuwa uso wa mwalimu. Pale ulikuwa uso wa mtu ambaye hajapikiwa siku nyingi.

Baadaye kaka akasema tupewe nafasi ya kuulizana mawili matatu. Tukaingia chumba cha ndani, mlango wazi, sauti za vikombe zikitufikia. Nilikaa ukingoni mwa sanduku la matandiko. Yeye alibaki amesimama. Alitoa mfukoni karatasi yangu ya posa, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchakaa.

"Umeisoma mara nyingi," nikasema.

"Nimeisoma kama barua." Akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Kuna neno moja humu, Nuzhat. Nilipolifikia nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Kwa sababu na kwenye karatasi yangu lipo. Nikasema, basi huyu ataelewa nyumba yangu ilivyo kimya. Sitahitaji kumweleza."

"Neno gani?"

"Hili. Mstari wa sita." Akaniwekea kidole. Nikaona herufi zimefuatana, mbili mbili zikifanana kama nyoka wawili wanaotembea pamoja, na mwisho tena nyoka wawili. Issueless.

"Mimi sijui Kiingereza, Master sahib. Nieleze kama unavyowaeleza watoto."

Alisita. Nadhani aliona haya, kwa kuwa ni neno lenye uzito kumwambia mwanamke usoni. "Kwenye kamusi, ni mtu asiye na uzao. Lakini watu hawalisemi mitaani. Utaliona kwenye wosia, kwenye kesi za mirathi, na kwenye matangazo ya ndoa. Huku kwetu linakaa baada ya neno 'mjane' au neno 'mtalaka'. Mjane, halafu hilo. Ni la kumtuliza anayesoma. Linamwambia: usiogope, huyu hana alichoacha nyuma."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe huko nje. Nilisikia Khala Sughra akisema karoti za mwaka huu hazina utamu.

"Na hilo nimeandikiwa mimi?"

"Umeandikiwa wewe. Mjane, halafu..."

"Mimi nimezaa."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Nimezaa binti. Aliishi miaka minne na miezi miwili. Tulikuwa Kannauj, kwa wakwe zangu. Baba yake alifariki kwa ajali wakati wa embe, na mvua za mwaka uliofuata zikaja na ile homa ya mbu, akaugua siku sita. Siku ya sita alikuwa ameacha kulia, nikadhani amepona." Sauti yangu ilikuwa imara. Nimejifunza kuisema habari hii kama ninavyosoma sura niliyoihifadhi, maana nikisimama katikati siwezi kuendelea. "Ndiyo nikarudi kwa kaka."

"Hukuniambia," akasema.

"Nilidhani karatasi imekuambia."

"Mwaka na nusu, Nuzhat."

"Mwaka na nusu uliniuliza nini? Uliniuliza kama kelele zinanisumbua. Nikakuambia zinanisaidia. Hukuuliza zinanisaidia nini."

Akakaa chini. Hakukuwa na kiti, alikaa sakafuni pale pale na koti lake zuri, mgongo ukutani. Nikawaza: sasa ataondoka. Nilikitazama kiraka cha kiwikoni nikijiambia nikikumbuke vizuri, kwa kuwa kesho nitakuwa sina kingine. Nilimpenda mtu huyu. Naliandika hili wazi, mimi mwanamke wa kuswali na kufunga, kwa sababu Mungu alilijua kabla yangu.

"Jina lake nani?" akauliza.

Miaka mitano hakuna aliyeniuliza. Wanaomjua wanaliruka jina, na wasiomjua hawaulizi.

"Mahrukh. Tulimwita Mahru."

"Mahru," akasema, polepole, kama anayejaribu chakula cha moto. Akanipa ile karatasi.

*

Nilitoka nayo ukumbini. Kaka alinyanyua macho akitabasamu, tayari na sahani ya peremende mkononi ili kila mtu atiwe utamu kinywani na jambo liwe limekwisha.

"Bhai," nikamwambia kaka, "mstari wa sita si wa kweli. Naomba urekebishwe kabla hatujatiana utamu."

Tabassum ndiye aliyebadilika rangi. "Aaah, Nuzhat! Hilo ni neno la karatasi tu. Mchapaji ndiye kanishauri. Kila mtu anaandika hivyo. Maana yake huna mtoto wa kulea, basi. Sasa wewe unaye wa kulea?"

"Maana yake sina uzao. Nimeuliza."

"Umemuuliza mwalimu wa lugha! Mwalimu atakupa maana ya kitabuni. Sisi tunaongea maana ya watu. Mtu akilisoma anaelewa nini? Kwamba hakuna mtoto atakayekuja na wewe mlangoni. Sasa hapo uongo uko wapi?"

Wifi yangu hakuwa mjinga. Kwa jinsi linavyotumika, alikuwa sahihi. Hakuna mtoto atakayekuja na mimi mlangoni.

"Tena na mimi nilijua," Khala Sughra akasema. Alikuwa akikung'uta makombo kwenye shali. "Tabassum aliniambia siku nilipotuma salamu za posa. Nikamwambia acha liandikwe hivyo hivyo, na mwanangu asiambiwe. Mtoto aliyekufa hali chapati, hasomi shule, wa kumtaja wa nini? Watu wakisikia kamzika mume na mtoto, wataanza: ana mguu wa mkosi, ana jicho baya. Mimi siyaamini hayo. Ila nakaa na watu wanaoyaamini."

"Khala, sitamtaja sokoni."

"Wala nyumbani kwangu. Nasema mapema tusije tukakoseana. Nataka wajukuu. Nataka nyumba yenye kelele. Sitaki nimpe mkwe wangu mtoto ampakate huku anamwita kwa jina la mwingine. Hapo ndipo ninaporidhika au nisiporidhika." Akakiweka kiganja juu ya kifurushi chekundu. "Neno libaki lilivyo, na hizi nazivisha sasa hivi."

"Nuzhat," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na nilitamani angefoka. "Nakuomba mbele za watu. Mimi si tajiri wa umri. Nikifa leo utakaa kona ya nani? Utabaki na ule moto mpaka macho yaishe. Yule mtoto nilimbeba mimi mabegani, nilimpenda. Lakini hahitaji chochote tena. Wewe unahitaji."

Nilimtazama kaka, nikamtazama Naushad aliyekuwa amesimama mlangoni na vumbi la sakafu kwenye koti. Kila nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa ndani ya chumba kile, umbali wa hatua nne, na bei yake ilikuwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza nakujua. Nimenyamaza miaka.

"Bhai, nikikubali, watu watakuwa hawamtaji kwa kusahau," nikasema. "Hilo nimelizoea. Lakini mimi nitakuwa nimetia saini kwamba hakuzaliwa. Siku ya Kiyama atanijia kunishika mkono. Nimwambie nini? Kwamba ilikuwa karatasi tu?"

"Naushad," mama yake akasema bila kugeuka. "Mwambie. Wewe ndiye uliyenileta huku."

Naushad akaja. Akaichukua karatasi mkononi mwangu na, kwa mara ya kwanza, vidole vyake vikagusa vyangu pale palipoungua. Akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, akatoa kalamu mfukoni. Ilikuwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia. Akalikata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka kama wa rula, akaandika juu yake kwa herufi ndogo.

"Umeandika nini?" Khala Sughra akauliza.

"Mjane. Mama wa Mahrukh."

"Unanisahihisha?" Akasimama. "Mimi? Kama watoto wako wa darasa la pili, na wino mwekundu?"

"Ammi, neno hili ni langu. Kwenye karatasi yangu lipo na ni kweli, na silionei haya. Miaka saba nimeishi nalo. Najua uzito wake. Siwezi kumwona mtu aliyezaa akitwishwa."

"Kutwishwa! Wewe unajua nini cha kutwishwa?" Sasa sauti yake ilikuwa imepanda, Kaneez bila shaka alikuwa ameshazima moto wake upande wa pili wa ukuta akisikiliza. "Nimezika wawili mimi! Kabla yako. Wawili! Nani aliwaandika? Karatasi gani? Mama mkwe wangu alinipa ndoo siku ya tatu, akasema nenda kachote maji. Nikachota. Watu wananiuliza hadi leo, Sughra una watoto wangapi, nasema mmoja, Naushad. Sikufa. Nilimeza. Wote tulimeza, na huyu atameza, ana koo la nini yeye?"

Naushad alikuwa ameshika kalamu wazi, na nilijua kwa uso wake kwamba alikuwa hajawahi kusikia habari ile maishani mwake.

Sikutaka kumshinda mama yule. Mungu ni shahidi yangu. Nilimwona tu akiwa msichana na ndoo mkononi, na swali lilitoka lenyewe, lile lile nililoulizwa mimi ndani ya chumba muda mfupi kabla.

"Majina yao nani, Khala?"

Akafungua kinywa kunijibu kwa ukali. Ukali haukuja. Akageuza macho kwenye dirisha, kwenye vikombe, kwenye zile peremende ambazo hakuna aliyezigusa.

"Farzana," akasema. Kisha akaongeza, "Wa pili alikaa usiku mmoja. Baba yao alisema, jina la nini."

Akainama. Nilidhani anatafuta viatu. Akakiokota kile kifurushi chekundu kitandani, akanijia, akaniwekea mikononi, na kwa viganja vyake vikavu akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, kama anayehakikisha hakitaanguka. Kisha akavuta shali kichwani mpaka ikamfunika uso, akampita mwanawe mlangoni, akatoka mikono mitupu; bangili hakurudi nazo.